Delamere na somo la kutu ya ngano

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Methali hii hutujia midomoni kila tunapotaka kumtetea mtu aliyedhulumiwa. Leo naitumia kwa mtu ambaye hakuwa mnyonge hata siku moja ya maisha yake, na ambaye wengi wetu tuna sababu nzuri za kutompenda. Namzungumzia Hugh Cholmondeley, Bwana Delamere wa tatu, kinara wa walowezi wa Kizungu nchini Kenya, aliyefariki mwaka 1931.

Najua wako wasomaji watakaouliza mtu wa Machakos ana haja gani na Delamere. Mashamba yake yalikuwa Njoro na Elmenteita, mbali na vilima vya Iveti na Mua. Ngano aliyoihangaikia si chakula cha jadi cha Wakamba, ambao walikua kwa mtama, wimbi, mbaazi na kunde, na baadaye kwa muthokoi. Hata hivyo, nimeyatafakari maisha yake kwa muda mrefu, na naona ndani yake mna somo ambalo sisi wa nchi kame tunalihitaji kuliko watu wa Njoro wenyewe. Nitayasimulia kwanza, kisha nitalieleza somo hilo.

Delamere alizaliwa tarehe 28 Aprili 1870 huko Vale Royal, katika jimbo la Cheshire nchini Uingereza. Alisomea Eton, shule ya watoto wa makabaila, na alipokuwa na umri wa miaka 17 tu baba yake alifariki, naye akarithi cheo, ardhi na mali. Kijana huyo hakuvutiwa na maisha ya kukaa katika jumba la mababu. Mwaka 1891 alikwenda nchi ya Wasomali kuwinda simba, akarudi huko tena na tena. Mnamo mwaka 1894 simba alimrarua vibaya, na kama si mbebaji wake wa bunduki, Msomali aliyeitwa Abdullah Ashur, kumrukia mnyama yule, historia ya Kenya ingekosa sura nzima. Tangu siku hiyo Delamere alichechemea hadi kufa kwake.

Mwaka 1896 aliondoka tena pwani ya Wasomali na msafara mkubwa wa ngamia, akakata jangwa kuelekea kusini, na mwaka uliofuata akafika kwenye nyanda za juu za Kenya. Baada ya miezi ya vumbi na kiu, aliona majani mabichi, mito ya maji baridi na hewa iliyomkumbusha kwao. Nchi ile ilimteka. Alimwoa Bibi Florence Cole mwaka 1899, na mwaka 1903 wakaja kukaa moja kwa moja. Serikali ya kikoloni ilikataa maombi yake mawili ya kwanza ya ardhi, kisha ikampa ekari 100,000 huko Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Shamba lile akaliita Equator.

Hapa inafaa kusema jambo moja bila kuficha. Ardhi ile haikuwa tupu kama walowezi walivyopenda kuamini. Bonde la Ufa lilikuwa malisho ya Wamaasai, ambao kwa mikataba ya mwaka 1904 na 1911 waliondolewa katika sehemu kubwa ya nchi yao ili kuwapisha wageni. Kila gunia la ngano lililovunwa kwenye mashamba yale lilikuwa na historia hiyo chini yake.

Delamere alianza kwa mifugo. Aliagiza kondoo majike 500 wa aina ya merino kutoka New Zealand, na katika muda mfupi wanne kati ya kila watano wakafa. Ng'ombe wa kigeni nao waliangamizwa na magonjwa. Malisho ya Njoro yalionekana mazuri kwa macho, lakini udongo wake ulikosa madini ambayo mnyama huyahitaji, na mgeni alilazimika kulijua hilo kwa gharama kubwa. Akahamishia mifugo iliyobaki Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita, na shamba la Njoro akaligeuza kuwa shamba la ngano.

Ngano ikamea na kustawi. Watu wakaanza kuota ndoto za kulisha Afrika Mashariki nzima, na mwaka 1908 kampuni ya kusaga nafaka, Unga, ikaanzishwa. Lakini mwaka 1909, wakati Delamere alipokuwa ameweka tumaini lake la mwisho katika ekari 1,200, kutu iliingia shambani. Mkulima yeyote wa ngano anaijua balaa hii. Ni kuvu anayeshambulia shina na majani, akatoa vidonda vyenye unga wa rangi ya kutu ya chuma, akanyonya chakula kilichokusudiwa kujaza punje. Shamba linaloonekana lenye afya wiki tatu kabla ya mavuno hugeuka makapi matupu. Unga wa kuvu huyo hupeperushwa na upepo kutoka shamba hadi shamba, hata kutoka nchi hadi nchi.

Huko Ulaya, majira ya baridi kali huikata nguvu kutu kila mwaka. Kwetu hakuna theluji ya kuiua. Ngano hupandwa kwa nyakati mbalimbali katika miinuko mbalimbali, na daima pako mahali penye mmea mbichi ambapo kutu inaweza kujificha ikingoja msimu mwingine. Delamere alikuwa amechagua, bila kujua, mojawapo ya mahali pagumu zaidi duniani kwa kilimo cha ngano.

Sasa nafika mahali ninapotaka kumpa haki yake. Mtu mwingine angerudi Uingereza na kuilaani Afrika. Delamere, akiwa amefilisika karibu kabisa, alijenga maabara ya ngano shambani mwake na kumwajiri mtafiti wa mbegu aliyeitwa Evans. Walikusanya mbegu kutoka nchi za mbali, zikiwemo Australia na Italia, wakazipanda, wakaziacha zishambuliwe na kutu, wakachagua mimea iliyostahimili, na kuipandanisha na ile yenye mazao mengi au unga mzuri. Mbegu iliyostahimili kutu ya aina moja iliangushwa na kutu ya aina nyingine, nao wakaanza upya. Mojawapo ya mbegu zilizotokana na juhudi hizo iliitwa Equator, kama shamba lenyewe.

Msomaji azingatie kwamba elimu waliyoitumia ilikuwa changa mno. Kanuni za urithi alizozigundua mtawa Mendel kwa kupanda mbaazi za kizungu zilikuwa zimesahauliwa hadi mwaka 1900. Mwaka 1905 Rowland Biffen wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha kwamba uwezo wa ngano kustahimili kutu ya manjano hurithiwa kwa kufuata kanuni hizo. Miaka michache tu baadaye, huko Njoro, mlowezi mwenye madeni alikuwa akizitumia fikra za namna hiyo katika shamba lake. Hiyo ni sifa, na sina choyo ya kumpa.

Lakini Delamere huyu huyu alikuwa mwanasiasa, na katika siasa hakumwonea haya mtu. Aliwaongoza walowezi tangu jumuiya yao ya kwanza, akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1907, na kwa zaidi ya miaka 20 alipigania Kenya iwe nchi ya Wazungu. Alipinga Wahindi kupewa haki sawa na Wazungu. Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923 ulipotamka kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yangetangulia, kwake yeye lilikuwa pigo. Aliishi kirafiki na Wamaasai, akajua lugha yao na kuwastahi wachungaji wao, lakini urafiki huo haukumzuia kukaa juu ya ardhi ya watu wale wale. Kwa ufupi, alikuwa na subira kubwa kwa mche wa ngano kuliko aliyokuwa nayo kwa haki ya mtu mweusi.

Alifariki tarehe 13 Novemba 1931, akiwa na umri wa miaka 61, akazikwa Soysambu. Aliacha madeni makubwa kwenye mabenki. Walowezi walimjengea sanamu katikati ya Nairobi, na barabara kuu ikaitwa kwa jina lake. Uhuru ulipopatikana, sanamu ikaondolewa na barabara ikapewa jina la Kenyatta. Hilo lilikuwa jambo la haki, kwani taifa haliwezi kuwa na mashujaa wa mtu mwingine.

Mbegu, hata hivyo, haina jina barabarani wala haijengewi sanamu. Mwaka 1927 kituo cha utafiti wa mbegu kilianzishwa Njoro, na kazi iliyoanzia katika shamba la mtu binafsi ikawa kazi ya umma. Watafiti waliofuata walizalisha ngano nyingi zilizobeba jina la Kenya, nazo zikasafiri. Norman Borlaug, Mmarekani aliyekwenda Mexico mwaka 1944 kupambana na kutu iliyowaangamiza wakulima wa huko, alipandanisha ngano kutoka Kenya na ngano ya Kiitalia iitwayo Mentana. Mtoto wa ndoa hiyo aliitwa Kentana. Kwa hiyo, katika mapinduzi ya kilimo yaliyokuja kuilisha Mexico na baadaye India na Pakistan, damu ya Njoro ilikuwamo.

Tangu hapo sayansi imepiga hatua kubwa. Zamani mtafiti aliona tu kwamba mmea huu umestahimili na ule umekufa, asijue sababu iko wapi ndani ya mmea. Siku hizi anaweza kuonyesha mahali penyewe. Ngano ina kromosomu 42, yaani jozi 21, nazo ni kama mabuku yaliyoandikwa maagizo ya mmea mzima: urefu wake, siku za kukomaa, ukubwa wa punje, uwezo wa kustahimili kutu au kiu. Agizo moja ndilo tunaloliita jeni. Kuchora ramani ya jeni ni kutambua kwamba agizo fulani limo katika buku fulani, ukurasa fulani. Jeni iitwayo Sr6, inayopatikana katika ngano ya Kenya 58 na katika nyingine kadhaa, ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo kuwekwa mahali pake: hukaa kwenye kromosomu iliyopewa jina la 2D. Mwaka 2018 muungano wa wanasayansi wa kimataifa ulitangaza usomaji kamili wa mabuku yote ya ngano, yenye herufi zipatazo bilioni 16, mara tano ya zile za binadamu.

Faida ya ramani ni nini? Ni kwamba mtafiti hahitaji tena kungoja miaka mingi ajue kama mche umerithi sifa anayoitaka. Huchukua kipande cha jani changa, akatazama alama iliyo jirani na jeni, akajua. Tena anaweza kukusanya jeni kadhaa katika mmea mmoja, jambo ambalo Delamere na Evans wasingeweza kulifanya kwa macho matupu.

Na haja ya kukusanya jeni kadhaa ilithibitishwa hapa hapa kwetu. Mwaka 1998, huko Kalengyere, kusini magharibi mwa Uganda, ilionekana kutu mpya ya shina iliyoweza kuishinda jeni Sr31, ambayo ngano nyingi duniani ziliitegemea. Ikapewa jina la Ug99. Ilipoingia Kenya haikukaa vile vile. Ilijigeuza, na kufikia mwaka 2006 aina yake nyingine iliishinda pia Sr24. Borlaug, wakati huo mzee wa miaka 91, alikuja Kenya mwaka 2005 kupiga mbiu ya hatari. Tangu hapo nchi nyingi za dunia zimekuwa zikileta ngano zao Njoro zijaribiwe mbele ya kutu kali kuliko zote. Mahali palipomfilisi Delamere pamekuwa mahakama ya ngano ya ulimwengu. Yule aliyetegemea kinga moja ameshindwa kila mara, lakini aliyekusanya kinga ndogo ndogo nyingi amedumu zaidi.

Sasa niligeukie somo nililoahidi, na kwa ajili yake inanibidi nirudi nyumbani Machakos.

Katika miaka ile ile ambayo ngano ya walowezi ilikuwa na kituo chake cha utafiti, Machakos ilikuwa ikiumwa. Watu walikuwa wamebanwa ndani ya mipaka ya eneo lililotengwa, ardhi ilimomonyoka, mvua zilikosekana. Serikali ya kikoloni iliona makorongo yetu na ikatoa dawa yake. Dawa hiyo haikuwa mbegu inayokomaa upesi, wala mtafiti wa kuchunguza mtama na mbaazi. Mwaka 1938 iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao na kuwauza kwa nguvu kwa bei duni, kwa hoja kwamba walikuwa wengi kupita kiasi. Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya watu kwenda Nairobi kudai haki yao, na ingawa serikali ililegeza kamba, yeye mwenyewe alipelekwa uhamishoni Lamu.

Tafakari tofauti hiyo, msomaji. Mazao ya mlowezi yalipougua, aliletewa sayansi. Mazao ya Mkamba yalipoungua, aliletewa askari. Utafiti wa mahindi yanayofaa mvua zetu fupi ulianza huko Katumani, nje kidogo ya mji wa Machakos, katika miaka ya 1950, na mbegu maarufu ya Katumani ikawafikia wakulima katika muongo uliofuata. Mahindi yale hayakuwa na mazao makubwa kama ya nyanda za juu. Sifa yake ilikuwa moja: yaliwahi kuchanua na kukomaa kabla mvua haijakatika. Sifa hiyo moja imeokoa watu wengi wa Ukambani kutokana na njaa, na kama ingetafutwa mwaka 1927 pamoja na ile ya ngano, nani ajuaye ni makaburi mangapi yasingechimbwa?

Ndiyo maana nasema sayansi haina macho. Huenda inakosukumwa. Delamere aliisukuma kuelekea ngano kwa fedha zake, kwa kelele zake katika baraza, na kwa ukaidi wake. Ngano haikuchunguzwa kwa sababu ilikuwa muhimu kuliko mtama. Ilichunguzwa kwa sababu mwenye sauti aliipanda.

Je, leo ni nani mwenye sauti? Hatuna mkoloni wa kumlaumu. Tuna Bunge, tuna serikali za kaunti tangu mwaka 2013, tuna vyuo vikuu, na kituo cha Katumani kingali pale pale, sasa chini ya shirika la KALRO. Ramani ya jeni za mbaazi ilitangazwa na wanasayansi wa kimataifa mwishoni mwa mwaka 2011, nayo mbaazi ni zao letu sisi; hakuna mkulima wa Machakos asiye na miche yake kandokando ya shamba. Lakini ramani peke yake hailimi. Lazima awepo mtafiti anayelipwa, shamba la majaribio lenye uzio, na mbegu safi inayomfikia mkulima kabla ya mvua badala ya baada ya mvua. Kustahimili ukame si kazi ya jeni moja. Ni kazi ya nyingi ndogo ndogo, kila moja ikichangia kidogo: mizizi inayokwenda chini, jani linalohifadhi maji, ua linalowahi. Kuzikusanya kunahitaji miaka, na miaka hiyo haiwezi kununuliwa kwa michango ya dharura baada ya njaa kuingia.

Kila ukame ukitufikia, viongozi wetu huja na malori ya mahindi na wapiga picha. Sijawasikia wengi wakisimama katika baraza kuuliza Katumani imetengewa kiasi gani mwaka huu, au watafiti wangapi wamestaafu bila kupata warithi. Delamere, pamoja na dhuluma zake zote, asingenyamaza juu ya swali kama hilo. Angeirudia hoja yake hadi waziri amchoke.

Tulifanya vyema kuiondoa sanamu yake. Lakini kama tuliiondoa sanamu tukauacha na ule ukaidi wake wa kudai utafiti, basi tulitupa punje pamoja na makapi. Nchi za nyanda za juu zilimpata mtu wa kuipigania ngano yao miaka zaidi ya 100 iliyopita. Mtama, kunde na mbaazi za Ukambani bado zinamngoja wa kwao.